Wazee wa Kagera Hatujawauliza



Kila tarehe 25 Julai taifa letu huwakumbuka mashujaa. Mkuki na ngao huwekwa kwenye mnara, tarumbeta hupigwa, viongozi wa dini hupokezana kuomba, na parokiani kwetu, kama kuna aliyekumbuka kupeleka nia, Misa ya asubuhi huwaombea marehemu wa vita. Hatuna ugomvi na siku hiyo. Kuwaombea wafu ni tendo la huruma, na waliozikwa Kaboya mkoani Kagera wanastahili sala zetu zote. Lakini siku hiyo ni ya waliokufa. Wenzao waliorudi hai, wakaweka begi chini na kushika jembe, hawana siku yao.

Huku kwetu Marambo, katika nchi hii ya Nachingwea na Ruangwa, wazee hao wapo. Wakati wa likizo, tunapozunguka vigangoni pamoja na katekista kuwapelekea Komunyo wagonjwa na wazee, huambiwa: “Babu huyu alikwenda kwa Amini.” Husema mjukuu, tena kwa sauti ya mtu anayetaja kwamba babu aliwahi kufika Lindi mjini. Babu mwenyewe hutikisa kichwa, huuliza habari za mvua, na mazungumzo huhamia kwenye bei ya ufuta. Mara nyingine habari hiyo tunaipata makaburini, pale msomaji wa wasifu wa marehemu anapofika kwenye mstari wake: alizaliwa, alibatizwa, alifunga ndoa, alishiriki Vita ya Kagera, ameacha watoto saba na wajukuu. Tumeusikia mstari huo zaidi ya mara moja, na kila mara waombolezaji hutazamana, maana hata majirani wa miaka thelathini hawakujua.

Sisi tunaosoma falsafa tunafundishwa kwamba kazi huanza kwa kuuliza. Basi tunauliza: nani katika Marambo amewahi kukaa na wazee hawa na kuwauliza walivyorudi? Hatusemi walivyopigana, kwa maana vitabu vya vita vipo. Tunasema walivyorudi, walivyolala usiku wa kwanza nyumbani, walivyoishi miaka arobaini na zaidi baada ya hapo. Maoni yetu ni kwamba kazi hiyo ni ya parokia, na ni ya sasa hivi, kwa sababu aliyekuwa kijana wa miaka ishirini mwaka 1978 leo anakaribia sabini kama hajaipita.

Katika nchi nyingine maisha ya askari baada ya jeshi ni uwanja kamili wa utafiti. Marekani ina wizara nzima kwa ajili ya watu hao. Uingereza, King's College ya London ina kituo kinachofuatilia afya ya wanajeshi mwaka hadi mwaka. Watafiti wake walipochunguza askari waliokwenda Iraq mwaka 2003, walikuta jambo ambalo lilitufanya tusome ukurasa ule mara mbili. Askari wengi walirudi wakiwa wazima wa akili. Hilo ni muhimu kulisema, maana kuna watu wanaodhani kila aliyeshika bunduki amevurugika. Lakini askari wa akiba, yaani raia walioitwa kutoka makazini mwao kwenda vitani na kisha kurudishwa makazini, waliathirika zaidi kuliko askari wa kudumu. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba sababu haikuwa risasi tu. Kulikuwa pia na mambo ya nyumbani, na jinsi mtu alivyokuwa ameungana au kutoungana na kikosi chake. Askari wa kudumu hurudi kambini, na asubuhi anakunywa chai na watu waliokuwa naye. Wa akiba hurudi mtaani, ambako hakuna hata mmoja aliyeona alichokiona.

Huyo wa akiba, kwetu, ni mwanamgambo.

Tukumbushane kidogo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Iddi Amin yaliingia Kagera, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba tutapigana, kwa kuwa sababu, uwezo na nia vyote tunavyo. (Tarehe hiyo katika kalenda ya Kanisa ni Siku ya Marehemu Wote. Hatujui kama kuna aliyeligundua hilo siku ile.) Jeshi lililokuwa na watu wasiofika 40,000 linakadiriwa kukua katika muda mfupi hadi kupita 150,000, na kati yao wapatao 40,000 walikuwa mgambo: wakulima, vijana wa vijijini, makarani. Walijifunza, wakapanda malori na mabehewa, wakaenda upande wa pili wa nchi ambao wengi wao hawakuwa wameuona hata kwa picha. Kutoka Mutukula walitembea kwa miguu. Masaka ilitekwa Februari 1979, na sehemu kubwa ya mji ule ilibomolewa. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Mapema Juni walifika mpaka wa Sudan. Kutoka Nachingwea hadi mpaka wa Sudan! Kijana wa Marambo aliyekuwa hajavuka Rufiji alikuwa ametembea nusu ya Afrika Mashariki.

Kisha akaambiwa arudi nyumbani.

Alirudi katika nchi gani? Mwalimu alikuwa amewaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi kumi na minane, lakini miezi hiyo ilipita na hali haikupoa. Wazazi wetu wanaikumbuka miaka ile ya mwanzo wa themanini: foleni ya sukari, sabuni ya kugawana, kitenge cha kutafutwa kwa kujuana. Mwanajeshi wa kudumu alibaki na kikosi, mshahara, hospitali ya jeshi, na baadaye mafao ya kustaafu kwa mujibu wa sheria. Mwanamgambo aliyerudishwa kijijini hakuwa mtumishi wa kudumu, kwa hiyo hakuwa na njia hiyo ya kustaafu. Alikuwa na shamba lake, ambalo kwa msimu mzima au zaidi lilikuwa limeota msitu. Mkorosho haumngoji mtu.

Hilo la mafao tunalisema kwa uzito wake, wala hatulifuniki kwa lugha ya kiroho. Ni suala la haki. Na katika nchi hii yetu si suala jipya. Mwaka 1917 Vita Kuu ya Kwanza ilipita hapa hapa. Oktoba mwaka ule, Mahiwa karibu na Nyangao, walipigana siku nne, na maelfu waliuawa au kujeruhiwa. Wengi wao hawakuwa Wajerumani wala Waingereza bali Waafrika: askari wa Ujerumani kutoka makabila yetu, askari wa Keya, yaani King's African Rifles, na Wanaijeria walioletwa kutoka mbali. Nyuma yao walikuwa wapagazi wasiohesabika, ambao kumbukumbu yao kubwa kuliko zote nchini ni jina la soko, Kariakoo. Ujerumani ilipoamua, mwaka 1964, kuwalipa malimbikizo askari wake wa zamani waliokuwa bado hai, inasimuliwa kwamba wazee wengi walifika bila karatasi yoyote. Ofisa akampa mmoja mmoja fagio, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Wakatii wote, bila kukosea, baada ya miaka karibu hamsini.

Watu husimulia kisa hiki kwa kucheka. Sisi kinatusumbua. Mzee ambaye mwili wake bado unaitikia amri baada ya nusu karne, ni kitu gani kingine ambacho mwili huo umekishika na hakuna ofisa aliyekiuliza?

Katika Vita Kuu ya Pili, Watanganyika wapatao 87,000 walitumikia jeshi la Uingereza, wengine wakafika Bama kupigana na Wajapani. Walipoachiliwa walipewa kiinua mgongo kilichopangwa kwa rangi ya ngozi. Miaka miwili baadaye Nachingwea ikaletewa ule mradi mkubwa wa karanga, na maelfu ya wanajeshi wa Kiingereza waliotoka vitani wakaomba kazi humo. Mpaka vifaru vilivyobaki vitani viligeuzwa matrekta kwa ajili ya mradi. Mwaka 1951 ukafungwa, ukiwa umemeza zaidi ya pauni milioni 36. Serikali ile ilijua kuwatafutia askari wake pa kuanzia maisha. Haikuwa na mpango wa namna hiyo kwa mzee wa Keya aliyerudi Mnero au Mbekenyera. Kisha mashamba yale yale ya karanga yakawa kambi ya FRELIMO, na vijana wa Msumbiji wakafunzwa hapo Nachingwea chini ya Samora Machel. Leo ng'ambo ya Ruvuma kuna wizara inayoshughulikia wapiganaji wale. Waliofunzwa kwenye ardhi yetu wana wizara yao. Mwanamgambo wetu ana mstari mmoja kwenye wasifu wa marehemu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo fedha peke yake haliwezi kulimaliza.

Daktari wa akili aitwaye Jonathan Shay alifanya kazi miaka mingi kule Boston na askari waliotoka Vietnam. Mwaka 1994 alitoa kitabu akiwalinganisha na Akile, shujaa wa Wagiriki wa kale katika utenzi wa Homeri. Alichokiona ni kwamba kuna askari ambao kinachowaumiza si hofu. Hofu hupoa. Kinachowaumiza ni jambo walilolitenda, au waliloliona likitendwa na wakanyamaza, au waliloamriwa na mtu waliyemwamini. Yeye na watafiti waliomfuata wameliita jeraha la dhamiri. Si ugonjwa kwa maana ya malaria. Ni dhamiri inayofanya kazi yake vizuri, katika mtu ambaye hana mahali pa kuipeleka.

Mwanafunzi wa falsafa anaposikia hivyo atauliza mara moja: lakini vita ile si ilikuwa ya haki? Ilikuwa ya haki. Tulivamiwa, raia wa Kagera waliuawa, ng'ombe na mali vikachukuliwa, daraja likavunjwa. Ukichukua masharti ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino kuhusu vita, yaani mamlaka halali, sababu ya haki na nia njema, huyaoni yakikosekana katika uamuzi wa kumfukuza mvamizi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao unamtambua askari anayetumikia taifa lake kwa uaminifu kuwa mlinzi wa usalama wa watu. Hatuna sababu ya kuwaonea wazee wetu aibu.

Hata hivyo, haki ya vita ni jambo moja, na moyo wa aliyeipigana ni jambo jingine, na Kanisa lililijua hilo kabla ya daktari wa Boston. Mtakatifu Augustino mwenyewe, ambaye tunamtaja kama baba wa mafundisho ya vita ya haki, aliandika kwamba mtu mwenye hekima ataihuzunikia hata vita ya haki, na kwamba anayeyafikiria maovu yake bila uchungu amepoteza utu. Mtakatifu Basili Mkuu, katika karne ya 4, alisema wazi kwamba kuua vitani hakuhesabiwi sawa na uuaji, kisha akashauri kwamba waliofanya hivyo wakae miaka mitatu bila kupokea Komunyo, kwa kuwa mikono yao haikuwa safi. Ukisoma haraka utadhani anajipinga. Ukisoma polepole utaona anawapa askari kitu ambacho sisi hatukuwapa wetu: muda uliotambuliwa na watu wote, wenye mwanzo na mwisho, wa kutoka vitani na kuingia kanisani.

Maandiko yanayo jambo hilo hilo. Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 31, waliotoka vitani wanaamriwa kukaa nje ya kambi siku saba, wajitakase wao na nguo zao, ndipo waingie. Na baada ya mapigano ya Hastings mwaka 1066, maaskofu wa Normandia waliandika utaratibu mzima wa kitubio kwa askari wa upande wao, yaani walioshinda. Aliyejua idadi ya aliowaua alikuwa na kipimo chake. Asiyejua idadi alikuwa na chake. Wapiga mishale, ambao hawawezi kujua mshale uliishia kwa nani, waliwekewa Kwaresima tatu. Tulipolisoma hilo tuliwafikiria wazee waliokuwa kwenye mizinga, waliofyatua kuelekea mji ambao hawakuuona. Nani amewahi kumwambia mzee wa mizinga kwamba kuna Kwaresima tatu kwa ajili ya asiyejua?

Hatupendekezi kuwapa wazee wetu kitubio wakiwa na fimbo mkononi. Itakuwa ukatili na ujinga. Tunasema tu kwamba Kanisa lilikuwa na mlango wa kurudia, na mlango huo kwetu haukufunguliwa mwaka 1979. Mapadre walikuwepo, maungamo yalikuwepo, lakini hakuna aliyesimama na kusema kwa sauti: wanaparokia, hawa wametoka vitani, tuwapokee.

Na watu wa kusini tusisingizie kwamba mambo ya kupokea mtu hatuyajui. Kama kuna watu wanaojua kwamba mtu havuki kutoka hali moja kwenda nyingine peke yake, ni sisi. Mtoto anaingia jando ana jina moja, anatoka ana jina jingine, na kijiji kizima kinamngoja kwa ngoma, mafuta na nguo mpya. Anaye aliyemsimamia, anajua la kufanya na la kutofanya. Askofu Lucas wa Waanglikana kule Masasi aliliona hilo mapema, akalipokea jando na kulipa sura ya Kikristo, tangu miaka ya 1910. Wapo waliompinga, na mijadala ile haijaisha. Lakini alionyesha kwamba jambo la kuvusha watu linaweza kukaa ndani ya kanisa. Msumbiji, baada ya amani iliyotiwa saini Roma mwaka 1992 kwa msaada wa jumuiya ya Kikatoliki ya Mtakatifu Egidio, mtafiti Alcinda Honwana alieleza jinsi familia zilivyowapokea vijana waliotoka msituni: kijana anaingia kwenye kibanda cha nyasi, anavua nguo za vita, kibanda kinachomwa moto pamoja na nguo hizo, naye anaoshwa mbele ya ndugu zake. Hatulazimiki kukubali kila kilichomo katika mila ile. Ila tazama kilichofanyika: watu walijua kwamba kijana yule hakuwa amerudi bado, hata kama alikuwa amesimama uani.

Mwanamgambo wetu alitoka vitani kama mtu anayetoka mnadani. Alishuka, akasalimia, akaulizwa ameleta nini.

Tunajua yatakayosemwa. La kwanza, wazee wenyewe hawataki kusema. Ni kweli kwa wengine, na ukimya wao uheshimiwe. Wengine wanaamini bado wamefungwa na kiapo, na mambo ya kijeshi hatuyahitaji kabisa. Lakini mara ngapi tumesema “hataki kusema” kuhusu mtu ambaye hajaulizwa? Halafu yuko mwingine ambaye hatumuulizi kamwe, mke wake. Yeye ndiye anayejua kwamba mzee haketi akiupa mlango mgongo. Yeye anajua ni usiku gani huamka akitaja majina ya watu wasio wa ukoo. Anajua kama pombe ilianza kabla au baada. Aliolewa na kijana mmoja, akarudishiwa mwingine, akaambiwa avumilie. WAWATA wa vigango vyetu wamebeba habari hizi miaka yote katika mikutano yao, kwa jina la matatizo ya ndoa. Sisi tunaona kwamba utafiti wowote wa maana kuhusu wazee wa Kagera huku Marambo utaanza jikoni kwa akina bibi, kisha ndipo uende barazani.

La pili, wengi wa wazee hawa ni Waislamu. Ndiyo, huu ni mkoa wa Lindi. Mgambo hawakuitwa kwa dini, na kule Lukaya risasi haikuuliza jina la ubatizo. Kama parokia italifanya jambo hili kwa ajili ya Wakatoliki tu, ni afadhali isilifanye. Lazima paroko na shehe wakae pamoja kwanza, kama wanavyokaa misibani, ambako huku kwetu hatujawahi kuwa na shida ya kukaa pamoja.

La tatu ndilo linalotutisha kweli. Kijijini, mtu akionekana na daftari akiandika majina ya wazee, kabla ya jioni habari imeenea kwamba fedha zinakuja. Kesho yake anatokea mjanja anayedai ada ya fomu. Wazee wameshachezewa hivyo vya kutosha katika mambo mengi. Kwa hiyo daftari likiingia, liingie baada ya tangazo la wazi kanisani na msikitini, mwenyekiti wa kijiji akiwepo: hakuna fedha, hakuna fomu, hakuna ada. Na likipatikana jina la mzee mwenye haki ya mafao ambayo hakuwahi kuyafuatilia, parokia imsaidie kuandika barua na kumsindikiza ofisini Nachingwea au Ruangwa. Kusindikiza mtu ofisini ni tendo la huruma lisilo kwenye orodha ya katekisimu, lakini anayejua foleni za ofisi anajua lingestahili kuwemo.

Na asifikiri mtu kwamba tunazungumza habari za zamani tu. Desemba 2017 askari wetu wa kulinda amani walivamiwa Semuliki, mashariki mwa Kongo, wakauawa zaidi ya kumi. Waliokuwa nao wakanusurika ni vijana; wengine bado wako jeshini, wengine watastaafu na kurudi katika vijiji kama vyetu. Watakapouliza jinsi ya kuishi baada ya hayo, ingefaa wawepo wazee ambao tayari wamezungumza.

Sisi waseminari wa hapa tumekubaliana jambo dogo kwa ajili ya likizo ijayo, kwa ruhusa ya paroko. Kila mmoja atakwenda katika kigango chake, pamoja na katekista na mtu mmoja wa jumuiya, na pale palipo na Waislamu, pamoja na mtu atakayependekezwa na wenyewe. Hatutaanza na swali la vita. Tutaanza na hili: “Mzee, siku uliyorudi, nani alikupokea?” Atakayetaka kunyamaza, tutakunywa naye chai na kusaidia kuokota korosho kama ni msimu. Atakayetaka kuungama, padre atafuata. Majina yatakayopatikana yatasomwa Novemba hii pamoja na marehemu: walio hai kwanza, wakiwa wamekaa mbele, halafu wenzao waliotangulia.

Wakati huo huo tunaomba kitu kimoja kwa wasomaji wetu wa Marambo. Kama katika sanduku la babu kuna cheti cha jeshi, medali, kitambulisho cha mgambo, au barua yoyote ya miaka ile, msikitupe na msikiache kwenye unyevu ambako mchwa watakifikia. Msimpe mtu asiyejulikana, hata akija na suti. Kifungeni kwenye mfuko wa nailoni, mkitunze ndani ya sanduku la bati, na mwambieni katekista kwamba kipo.